Sindano, puto au kisu: la kuchagua unene ukishakuwa maradhi

Arusini Unguja mwanamke wa kilo 120 huambiwa usoni kwamba ndoa imemkubali, na akigeuka tu husemwa ajifunge mdomo. Maneno yote mawili hayamsaidii. Ana kisukari, ana presha, magoti yanamuuma akipanda ngazi, na usiku hukoroma mpaka pumzi zikakatika. Anachotaka kujua ni kimoja: kati ya kubadili chakula, sindano za kupunguza uzito, puto la tumboni na operesheni ya tumbo, lipi litamfaa yeye anayeishi hapa visiwani, mwenye kipato cha hapa na hospitali za hapa.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa unene uliopindukia, operesheni si anasa wala si njia ya wavivu. Ni tiba iliyokwishakubaliwa na madaktari duniani, na kwa watu wengi wa kundi hili ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Lakini haimfai mtu asiyeweza kufuatiliwa baada yake, na hapo ndipo sisi wa Unguja na Pemba tunapotakiwa kufikiri zaidi kuliko watu wa miji mikubwa.

Nani hasa anahusika

Si kila mwenye kitambi. Madaktari hutumia BMI: chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu ule ule. Mwanamke wetu wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 44. Mwanamme wa kilo 95 na mita 1.75 anapata 31, na huyo safari yake ni nyengine kabisa.

Mwaka 1991 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kiliweka mpaka uliotumika kwa miaka 30: operesheni kwa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 akiwa na maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, viliushusha. Sasa wanapendekeza operesheni kuanzia 35 hata kama maradhi hayajaanza, na wanasema ifikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa watu wa asili ya Asia mpaka uko chini zaidi, 27.5, kwa sababu kisukari huwaingia wakiwa bado na uzito mdogo. Zanzibar ina familia nyingi zenye asili ya Kihindi, na watu wa familia hizo wasijipime kwa namba za Wazungu.

Kwa nini madaktari walikataa, kisha wakakubali

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Operesheni za mwanzo, kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1970, ziliruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda, ila wengi waliharibika ini, wakapata mawe ya figo na kuharisha kusikokwisha. Njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza njia nyengine, ya kuupunguza mfuko wa tumbo na kuuunganisha na utumbo chini zaidi, na hilo ndilo chimbuko la baipasi ya leo. Jina baya la operesheni za zamani halikufutika upesi. Mpaka sasa ukimtajia mzee jambo hili, atakwambia: "Mwanangu, tumbo alilokupa Mungu utalikata?" Hofu hiyo haikutoka hewani.

Kilichowageuza wenye shaka ni hesabu ya miaka mingi. Kule Uswidi, kuanzia 1987, watafiti wakiongozwa na Lars Sjöström waliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa operesheni na wengine 2,037 wanaofanana nao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yalitoka 2007. Kwa wastani wa miaka karibu 11, upande wa operesheni walikufa 101 na upande wa pili 129. Tofauti za umri na maradhi zilipozingatiwa, hatari ya kufa ilikuwa imepungua kwa asilimia 29. Hesabu iliyofuata, ya 2020, ilionesha kwamba waliopasuliwa waliishi miaka 3 zaidi ya wenzao wanene, lakini bado miaka 5.5 pungufu ya watu wa kawaida wa nchi ile. Nawaomba wanaotangaza operesheni hizi wataje namba zote mbili. Operesheni inarudisha sehemu ya umri uliokuwa unapotea. Hairudishi wote.

Kisha kikaja kisukari. Cleveland, Marekani, wagonjwa 150 wenye kisukari kilichokuwa kimekataa kushuka waligawanywa makundi matatu. Baada ya miaka 5, sukari ya wastani ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) ilikuwa imeshuka hadi asilimia 6.0 au chini yake kwa asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi, asilimia 23 ya waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo (sliivu), na asilimia 5 tu ya waliopewa dawa peke yake. Mwaka 2016 jumuiya 45 za madaktari, zikiwemo kubwa za kisukari, ziliidhinisha kwa pamoja kwamba operesheni hii ihesabiwe miongoni mwa tiba za kisukari cha aina ya pili. Tangu hapo kisu si suala la umbo tu.

Na neno "jifunge mdomo" limepatiwa jibu la kitaalamu. Mtu mnene akipungua, mwili huona njaa imeingia nyumbani: homoni za njaa hupanda, za kushiba hushuka, na nguvu zinazotumika kwa siku hupungua. Uzito unarudi, na yeye analaumiwa kwamba hana msimamo.

Kilo kwa kilo

Mchukue mwanamke wetu wa kilo 120 umpitishe kila njia. Tafiti hizi hazikufanywa kwa watu wa aina moja, kwa hiyo zikupe picha tu, si ahadi.

Kubadili chakula na kufanya mazoezi, kwa msaada wa karibu wa wataalamu, kulijaribiwa Marekani kwa maelfu ya wenye kisukari. Mwaka wa kwanza walipungua asilimia 8.6, kwake ni kilo 10. Mwaka wa nane kilichobaki ni asilimia 4.7, yaani kilo 6 hivi. Kilo hizo si za kudharau, sukari na presha hushuka nazo. Ila kwa mwenye BMI ya 44 hazimtoi kwenye hatari.

Sindano ya semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, ilipunguza kwa wastani asilimia 14.9 katika wiki 68. Kwake ni kilo 18. Tirzepataidi, yaani Mounjaro, kwa dozi ya juu kabisa ilifika asilimia 20.9 katika wiki 72: kilo 25. Hizi ni namba kubwa, na mwenye kusema sindano ni mchezo hajazisoma. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili walio na unene pamoja na maradhi ya moyo au figo. Shida ni siku ya kuacha. Walioacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Puto hujazwa tumboni ili mtu ashibe haraka, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Hupunguza kama sehemu ya kumi ya uzito, kwake kilo 12 au zaidi kidogo. Likitoka, njaa ya zamani huwa bado inamngoja.

Baipasi: watu wa Uswidi waliofanyiwa walikuwa bado wako chini kwa asilimia 25 baada ya miaka 10. Kwake ni kilo 30, na hizo ni zile zilizobaki baada ya uzito kurudi kidogo, maana kilele cha kukonda huwa mwaka wa kwanza na wa pili. Sliivu, yaani kukata sehemu ya mfuko wa tumbo, inaifuata baipasi kwa karibu, ikiwa nyuma kidogo. Ile bendi ya kubana tumbo juu, iliyovuma zamani, wengi walirudi kutolewa, na mimi siiweki tena kwenye mizani.

Sindano katika joto letu

Sindano ingekuwa chaguo langu la kwanza kwa yule mwanamme wa BMI 31, na kwa mgonjwa anayejiandaa kwa operesheni ili ini lake lipungue na usingizi wa dawa uwe salama zaidi. Kwa mwenye 44 nina wasiwasi nayo, na wasiwasi wenyewe ni wa mambo ya hapa hapa. Ni dawa ya kununua kila mwezi, kwa miaka. Biashara ya kaka ikiyumba, au mume akiwa na ada za skuli za kulipa, kinachokatwa kwanza ni dawa ya mama. Tena kabla ya kuanza kutumika hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Imesafiri vipi kutoka Dar mpaka Chake Chake? Umeme ukikatika saa sita inakuwa wapi?

Na zipo bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi hizo zimeingiliwa, usinunue ya kuletewa kwenye mkoba na mtu wa mtandaoni. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwa cheti cha daktari aliyekuuliza kama umewahi kuumwa kongosho na kama kwenu kuna saratani ya tezi ya shingo.

Sliivu au baipasi

Hapa ndipo watu wengi hubabaika, na ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi na daktari.

Sliivu ni kukata kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo na kuitoa kabisa, ukabaki mfereji mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha homoni ya njaa kwa wingi, kwa hiyo mtu hapungui kwa kushiba haraka tu, hata ile hamu hupoa. Utumbo hauguswi. Ndiyo inayofanywa zaidi duniani siku hizi. Haina kurudi nyuma: kilichokatwa kimekatwa.

Baipasi hutengeneza kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha kama mililita 30, kisha hukiunganisha na utumbo chini zaidi. Chakula kinapita njia ya mkato, na sehemu kubwa ya tumbo inabaki ndani bila kupokea kitu. Kisukari husikia zaidi hapa, mara nyengine kabla hata uzito haujapungua sana.

Ukiwa na kiungulia kikali, kile cha kukuamsha usiku na uchachu kooni, sliivu inaweza kukiongeza. Ufini waliwafuatilia wagonjwa wa njia zote mbili kwa miaka 10: waliokutwa na michubuko kwenye koo la chakula walikuwa asilimia 31 upande wa sliivu na asilimia 7 upande wa baipasi. Hilo peke yake lingenitosha kumshauri mwenye kiungulia aende baipasi.

Lakini baipasi inadai zaidi. Madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na D hufyonzwa kidogo, na vidonge vyake humezwa maisha yote. Sliivu nayo inavitaka, ila aliyeruka dozi kwenye baipasi ataadhibiwa mapema. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu mtu huzinunua kama peremende, zinaweza kutoboa kidonda pale palipounganishwa. Sigara vile vile. Na sukari ya ghafla, kaimati tano za futari au bilauri ya juisi ya muwa, inaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kusokota na kuharisha ndani ya nusu saa.

Kuna jambo jengine linalosemwa kwa sauti ndogo kwenye matangazo: baada ya baipasi, hata miaka ikipita, utumbo unaweza kupenya kwenye mwanya wa ndani na kujinyonga. Ni dharura, inataka daktari wa upasuaji anayeijua, na inataka saa chache. Anayeishi Mjini ana Mnazi Mmoja na Lumumba karibu. Anayeishi Micheweni au Konde ana safari ya barabara kwanza, na pengine ya bahari au ndege. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa Pemba asiye na kiungulia na ambaye kisukari chake si cha miaka mingi, ningeelemea sliivu. Si kwa kuwa ni bora kila mahali. Ikileta tatizo kubwa, kama kuvuja pale paliposhonwa, mara nyingi huonekana katika wiki za mwanzo, wakati mgonjwa bado yuko karibu na waliompasua, mradi asifanye haraka kurudi.

Kuhusu kufa mezani, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2009 ulihesabu vifo 3 kwa kila watu 1,000 ndani ya siku 30. Siyo sifuri. Mwite mume, mwite mama, namba hiyo muisikie pamoja kabla ya kuweka saini.

Wapi, na nani atakuangalia ukirudi

Wengi wetu tuna njia mbili: kuvuka Dar es Salaam, ambako hospitali ya Mloganzila, chini ya Muhimbili, inaweka puto na kufanya operesheni hizi, au kwenda India kama tunavyokwenda kwa moyo na figo. India ina mikono yenye uzoefu mkubwa. Dar ina faida ambayo bei ya kifurushi haiioneshi: ukiumwa wiki ya tano, unapanda boti asubuhi na mchana umeshaonana na waliokupasua.

Popote utakapokwenda, mtafute kwanza daktari wa nyumbani, kabla ya kulipa tiketi. Anahitajika tangu wiki ya kwanza ya kurudi, kwa sababu mwenye kutumia insulini au glibenklamidi akiendelea na dozi ya zamani baada ya operesheni sukari itamshuka mpaka aanguke. Anahitajika kwa presha, ambayo nayo hushuka. Anahitajika kila mwaka kwa vipimo vya damu. Muulize wazi: je, utanipokea? Kliniki ya kisukari ya Mnazi Mmoja ni pa kuanzia kwa watu wa Unguja, na kwa Pemba anzia kwa daktari wa hospitali ya Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Ukikosa wa kukupokea, ahirisha safari.

Kutapika kusikoisha baada ya kurudi si "tumbo linazoea". Vitamini B1 ikiisha mwilini, neva na ubongo huathirika ndani ya wiki chache. Moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo au ya bega, mguu mmoja kuvimba: hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula, mimba na Ramadhani

Ukubwa wa sahani utabadilika milele, na protini ndiyo inayoliwa mwanzo, gramu 60 au zaidi kwa siku. Kwa bahati sisi tuna bahari. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama gramu 20, na choroko, kunde na mayai yapo sokoni Darajani kila siku. Kitakachouma ni wali wa nazi na mkate kuwa vijiko vichache pembeni, na wenyeji watakaokushikilia uongeze. Wanaokupikia wawepo siku mnayozungumza na daktari.

Wanawake wajue kwamba uzito ukishuka mimba huja kirahisi, hata kwa aliyekata tamaa. Hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ili mtoto asipate mama anayekonda kwa kasi. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango visitegemewe peke yake.

Mwaka wa kwanza funga ni suala la kulijadili mapema. Tumbo jipya hupokea maji kwa mafunda, na lita moja na nusu haiingii kirahisi baina ya magharibi na alfajiri, mtu akakaukiwa. Madaktari wengi wa upasuaji huu hushauri kusubiri kama mwaka au zaidi kabla ya kufunga. Muulize daktari hali yako, kisha mpelekee sheikh unayemwamini alichokwambia. Muulize na hili: sindano ya kuzuia damu kuganda inayotumika sana hospitalini, enoksaparini, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo fondaparinuksi, ambayo ni ya maabara tupu, ila lazima uitaje kabla ya siku ya operesheni ili daktari aone kama inakufaa. Ganda la jelatini la baadhi ya vitamini nalo lina suala hilo hilo.

Ningemwambia nini

Mwanamke wetu, BMI 44, kisukari, presha, anakoroma: operesheni. Akiwa na kiungulia au kisukari cha muda mrefu, na anaishi Unguja, baipasi. Akiwa Pemba bila kiungulia, sliivu. Sindano miezi michache kabla kama fedha ipo, na irudi baadaye endapo uzito utaanza kupanda, maana njia hizi si mahasimu. Puto ningempa yule ambaye uzito wake ni mkubwa mno kulazwa kwa usingizi leo, ili apungue kwanza, au mwenye BMI ya thelathini na kitu anayeogopa kisu na anajua litatoka. Chai za kukata tumbo zinazouzwa kwenye simu sizilinganishi na chochote.

Akishafanyiwa, asiondoke hospitali bila barua yenye jina kamili la operesheni, tarehe, mchoro wa namna tumbo lilivyounganishwa na namba ya simu ya kitengo. Nakala moja ikae mkobani na picha yake iwe kwenye simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu siku ya kuumwa tumbo usiku wa manane pale Wete, daktari wa zamu atakayempokea itabidi ajue hilo kabla ya kuagiza chochote.